Ubavu Unapochoma Ghafla na Kifua Kinapovimba

(Hotuba hii inawekwa hapa yote, kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Ndugu zangu, wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliokaa kule nyuma, asanteni kwa kuja.

Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja aweke vidole viwili penye kile kishimo kilicho chini ya koo, juu ya mfupa wa kidari. Sasa shuka nao polepole. Ukishateremka kiasi cha upana wa vidole vitatu, utahisi tuta dogo linalokatisha kidari. Mmelipata? Hapo ndipo ubavu wa pili unaposhika. Ukisogea pembeni kidogo uko juu ya gegedu ya ubavu huo, ile sehemu ngumu lakini inayopindika inayouunganisha ubavu na kidari, na ukishuka bonde moja unakuta wa tatu, kisha wa nne.

Kwa nini nimeanza na hilo? Kwa sababu mgonjwa anayesema "kifua kinauma" ametupa robo ya habari. Anayesema "ni ubavu wa tatu, kushoto, vidole viwili kutoka kidarini, na hapo pamevimba" ametufupishia kazi sana.

Mbavu ni jozi 12. Jozi 7 za juu kila moja inafika kwenye kidari kwa gegedu yake. Ya 8, ya 9 na ya 10 zinaegemea gegedu iliyo juu yake. Ya 11 na ya 12 hazishiki popote kwa mbele. Chini ya ukingo wa kila ubavu unapita mshipa wa fahamu, yaani neva, pamoja na mishipa ya damu. Ndani yake kuna utando wa pafu, kisha pafu lenyewe. Mbavu za chini zinafunika ini upande wa kulia na wengu upande wa kushoto. Kwa hiyo mtu akishika ubavu na kulia, kinachouma kinaweza kuwa ngozi, msuli, neva, mfupa, gegedu, pafu, moyo au hata kiungo cha tumboni. Tutavitofautishaje?

Swali la kwanza kabisa si "hiki ni nini?" Swali la kwanza ni "pumzi ikoje?"

Mfikirie kijana wa miaka 22, mrefu, mwembamba, mvutaji wa sigara. Amekaa tu, hajabeba kitu, hajaanguka. Ghafla ubavu wa kulia unachoma, na kila akivuta hewa anakatika. Anadhani amelalia ubavu vibaya. Anatafuta mtu wa kumkanda, na kinachomsumbua ni pafu lililotoboka: hewa imevuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu limesinyaa. Ikivuja kidogo, daktari anaweza kumwangalia tu huku akimpiga picha za kufuatilia. Ikivuja nyingi, itatolewa kwa sindano au kwa mpira unaoingizwa kati ya mbavu. Ikiendelea kujaa bila pa kutokea, inaubana moyo, na hapo dakika ndizo zinazohesabika. Kumkanda kijana huyu kutamsaidia nini? Hakuna. Na asipande ndege mpaka aliyemtibu amthibitishie kwamba pafu limepona. Kupiga mbizi kwa kawaida aache kabisa, isipokuwa amefanyiwa upasuaji wa kuzuia lisitoboke tena na daktari akamruhusu.

Mfikirie sasa mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita. Kichomi kimemshika ghafla, moyo unakwenda mbio, na muundi mmoja umevimba kuliko mwenzake. Huyo tunamhofia bonge la damu lililotoka mguuni likaziba mshipa wa pafu. Hofu ni hiyohiyo kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji au aliyelala kitandani siku nyingi, na akikohoa damu hofu inazidi.

Kuna kosa moja linalorudiwa sana, nalisema kwa msisitizo. Mtu anabonyeza kifua, anahisi maumivu, anasema: "Aa, kumbe ni misuli, si moyo." Ndugu zangu, si hivyo! Kuna watu wenye shambulio la moyo ambao kifua chao kinauma pia kikibonyezwa. Kubonyeza kunatusaidia kuelekea mahali, hakumtoi mtu hatarini. Maumivu yanayobana katikati, yanayoenda begani, mkononi au kwenye taya, yenye jasho la baridi na kichefuchefu, ni ya kipimo cha umeme wa moyo mara moja, hata kama ubavu unauma ukiguswa. Maumivu makali kama ya kuchanwa yanayopita hadi mgongoni, nayo ni ya kukimbizwa hospitali.

Basi pumzi ikiwa inakatika, midomo ikibadilika rangi, mtu akizimia, akikohoa damu au akitoka jasho la baridi, acheni kuchunguza uvimbe. Mpelekeni.

Pumzi ikiwa salama, sasa tunao muda wa kuuliza. Nianze na gegedu, maana ndiyo inayowaleta wengi, na wengi wao wanakuja na hofu ya moyo.

Gegedu inayouma ina sura mbili, na watu huzichanganya. Sura ya kwanza inauma bila kuvimba. Inashika sehemu kadhaa, mara nyingi ubavu wa pili hadi wa tano, na inawapata zaidi waliopita miaka 40. Sura ya pili inavimba. Aliyeieleza mwaka 1921 ni daktari mpasuaji wa Ujerumani, Alexander Tietze, na ugonjwa unabeba jina lake hadi leo. Hii mara nyingi inachagua kiungo kimoja tu, ubavu wa pili au wa tatu, na huwapata zaidi walio chini ya miaka 40.

Chukua mfano wa dada wa miaka 28 aliyekohoa kwa nguvu wiki mbili. Asubuhi moja anaoga, mkono wake unakutana na kinundu kigumu kando ya kidari, kinauma, hakina wekundu. Usiku halali, akili yote iko kwenye saratani. Daktari anaweka kidole kimoja tu, si kiganja kizima, na anakuta maumivu yamekaa pale pale gegedu inapoungana na mfupa. Uvimbe umefuata umbo la gegedu, hausogei chini ya ngozi, na haukuwaka moto. Eksirei inatoka safi, naye anashangaa: kama picha ni safi, mbona nimevimba? Ni kwa sababu gegedu haionekani vizuri kwenye eksirei. Ultrasaundi huuona uvimbe wake vizuri zaidi.

Dawa yake ni kupumzisha kile kinachoivuta gegedu: kunyanyua vizito, kusukuma, kupiga pushapu. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Kwa mtu mzima, ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya chakula, kwa siku chache. Lakini sikilizeni: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda na mjamzito wasiiguse bila kuuliza. Maumivu yakikataa kwa wiki nyingi, ipo sindano ya steroidi na ganzi inayochomwa pale pale. Na mjue hili ili msihangaike: maumivu yanaweza kuisha huku uvimbe ukibaki miezi kadhaa. Ukibaki vilevile au ukipungua, vumilia. Ukikua, rudi.

Hapohapo nitoe tahadhari. Mtu mwenye kisukari au anayejidunga dawa za kulevya, akivimba pale mtulinga unapokutana na kidari, pakawa pekundu, pana moto na homa juu, msimwambie ni gegedu. Hicho ni kiungo chenye usaha mpaka ithibitike vinginevyo.

Na wapo wanaokuja wakishika chembe cha moyo, wamepata "uvimbe mgumu" ambao wanaapa haukuwepo mwezi uliopita. Mara nyingi ni ncha ya kidari yenyewe. Huwa gegedu ujanani, inageuka mfupa kadiri umri unavyokwenda, na mtu akipungua mwili inajitokeza. Haihitaji dawa.

Mbavu za 8, 9 na 10 nazo zina kisa chao. Kwa vile zinaegemeana tu, ncha ya mmoja inaweza kulegea na kuteleza chini ya mwenzake, ikaibana neva. Mtu akiinama au akijipinda anasikia "tak" ukingoni mwa mbavu, kisha maumivu makali yanashuka tumboni. Wengi wa hawa wametibiwa vidonda vya tumbo muda mrefu bila nafuu, jambo linalosikitisha, maana uchunguzi wake hauhitaji mashine. Daktari anapenyeza vidole chini ya ukingo wa mbavu na kuuvuta mbele taratibu. Maumivu yaleyale yakitokea, pengine na ule mlio, njia imeonekana.

Sasa tuje kwenye kuvunjika, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo makosa ya nyumbani yanapoua.

Je, lazima mtu aanguke ndipo avunjike ubavu? Hapana. Mama wa miaka 70, mifupa imekuwa myepesi, amekohoa wiki tatu. Usiku mmoja anakohoa na kusikia kitu kimekatika ubavuni. Kikohozi peke yake kinaweza kuvunja ubavu, hasa wa tano hadi wa tisa, kwa pembeni, pale misuli inapovutana. Waliotumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu wako kwenye hatari hiyohiyo. Na mwenye saratani iliyofika kwenye mfupa anaweza kuvunjika kwa kujigeuza tu kitandani.

Eksirei inakosa kuona nyufa nyingi za mbavu, hasa siku za mwanzo. Kwa hiyo "picha haina kitu" haimaanishi ubavu ni mzima. Ubavu mmoja ulio na ufa, usioonekana, na ubavu uliopondeka tu matibabu yake ni yaleyale. Picha ya kifua tunaipiga hasa kuangalia pafu: limetoboka? Kuna damu imekusanyika?

Zamani kifua kilikuwa kikifungwa bendeji kukizunguka. Wapo wanaofanya hivyo mpaka leo, kwa nia njema, kwa sababu mgonjwa anasikia nafuu. Msifunge! Kifua kilichofungwa hakipanuki. Kisipopanuka, makohozi yanabaki chini ya mapafu. Yakibaki, vijidudu vinazaliana, na siku ya tatu au ya tano mama yetu ana nimonia. Wazee waliovunjika mbavu wengi hawashindwi na mfupa. Wanashindwa na pafu.

Kwa hiyo dawa ya maumivu kwa aliyevunjika ubavu ndiyo inayomwezesha kupumua. Mtu mzima anaweza kumeza parasetamo gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Mwenye uzito mdogo au ini bovu apimiwe pungufu. Aimeze kwa saa zake, asingoje maumivu yapande. Nusu saa hivi baada ya kumeza akae wima na aanze zoezi: avute hewa polepole puani mpaka kifua kijae, aishike kwa kuhesabu hadi tatu, aitoe taratibu mdomoni. Mara 10, kila saa awapo macho. Mwishoni akumbatie mto, aubane kwenye ubavu unaouma, kisha akohoe kwa nguvu. Mto unazuia ubavu usiruke, naye anaweza kutoa makohozi. Alale ameinuliwa mgongo, na atembee chumbani hata kama hataki.

Ubavu unachukua wiki 6 hivi kuunga. Unachelewa kutulia kwa sababu haupewi likizo: mtu mzima anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, mchana na usiku. Lakini kila wiki iwe nafuu kuliko iliyopita. Mambo yakigeuka, maumivu yakaongezeka, homa ikaingia, pumzi ikafupika, arudi hospitali siku hiyohiyo. Aliyepita miaka 65, na yeyote aliyevunjika mbavu tatu au zaidi, asitibiwe nyumbani kabla ya kuonwa.

Mbavu za chini zikigongwa, fikirieni tumbo. Kijana ameangukia ubavu wa kushoto, anauma kidogo, anacheka. Baada ya saa kadhaa anapauka, ana kiu, bega la kushoto linamuuma ingawa halikuguswa. Bega linatoka wapi? Ni wengu uliopasuka, damu inasumbua kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na maumivu yanasikika begani. Upande wa kulia fikirieni ini vivyo hivyo.

Na aliyepata ajali kubwa, mkimwona kipande cha kifua kinaingia ndani anapovuta hewa wakati kifua kingine kinatoka nje, mbavu tatu au zaidi zinazofuatana zimevunjika kila mmoja sehemu mbili au zaidi. Hapo ni gari la wagonjwa, wala msimlaze kifudifudi.

Tumezungumza sana maumivu. Tuuguse uvimbe wenyewe sasa, kwa ncha za vidole, kwa upole. Unahisi nini?

Ukihisi mchakacho mwembamba chini ya ngozi, kama unabonyeza mfuko wa plastiki uliokunjwa, hiyo ni hewa. Imetoka kwenye pafu na kupenya kwenye nyama. Uvimbe huo unaweza kupanda shingoni na usoni, mtu akageuka sura kwa muda mfupi. Msiukande. Kinachotakiwa kutafutwa ni tundu la pafu.

Ukihisi uvimbe umejaa, unauma, na ngozi inageuka zambarau, hiyo ni damu. Mzee anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anakohoa usiku kucha, asubuhi upande mmoja wa kifua umetuna, na kesho yake weusi umeshuka hadi kiunoni. Kukanda kwa maji ya moto katika siku mbili za kwanza kunaongeza kuvuja. Baridi ndiyo inayofaa, na kipimo cha kuganda kwa damu kifanywe haraka. Lakini asiache dawa yake mwenyewe, maana aliyempa alikuwa na sababu. Kwa wanyanyua vyuma, mlio wa ghafla kifuani wakati wa kusukuma uzito, kisha weusi kwapani na ule mkunjo wa mbele wa kwapa kupotea, ni msuli uliokatika. Huyo amwone mpasuaji mapema, ndani ya siku chache, maana msuli uliokawia kushonwa hujikunyata.

Ukihisi moto, ngozi nyekundu, mtu ana homa, huo ni usaha. Lakini kuna usaha usio na moto, na huo ndio unaodanganya. Mtu ana uvimbe laini juu ya ubavu, hauwaki, hauumi sana, umekua polepole. Anakwenda kupasuliwa mahali, usaha unatoka, kidonda hakifungi. Kinapasuliwa tena, hakifungi tena. Wiki zinapita, anakonda, anatoka jasho usiku. Hicho ni kifua kikuu cha ubavu au cha ukuta wa kifua. Kisu peke yake hakikimalizi. Usaha upelekwe maabara, na dawa zake ni za miezi 6 au zaidi. Natamani kila mwenye wembe mkononi angelijua hili kabla hajaukata uvimbe wa aina hiyo.

Mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, nimtaje peke yake. Mbavu zake zinaweza kuuma ghafla na hata kuvimba kwa sababu damu haifiki kwenye mfupa. Akiogopa kuvuta hewa kwa maumivu, pafu linafuata. Maumivu ya kifua pamoja na homa au pumzi fupi kwa mwenye selimundu ni safari ya hospitali, hata kama amezoea maumivu.

Uvimbe unaotokeza kati ya mbavu mtu akikohoa na kurudi akitulia ni pafu linalochungulia penye upenyo, kwa kawaida mahali palipowahi kuumia au kupasuliwa.

Na uvimbe mgumu, ulioshikamana na mfupa, unaokua, unaouma hata usiku mtu akiwa ametulia, au uliozidi sentimita 5, huo usisubiri. Saratani za titi, mapafu, tezi dume, figo na tezi ya shingo hupenda kukimbilia mfupani, na saratani ya uboho nayo hula mbavu. Donge la mafuta ni tofauti: ni laini, linateleza chini ya kidole, na mwenyewe atakwambia amekaa nalo miaka.

Je, ubavu ukiuma bila uvimbe wala kitu? Itazame ngozi kila siku kwa wiki nzima. Maumivu ya kuungua yaliyojipanga kama mshipi upande mmoja yanaweza kutangulia malengelenge ya mkanda wa jeshi kwa siku kadhaa. Dawa ya virusi hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72 tangu upele utokeze, kwa hiyo usiseme "nitakwenda Jumatatu."

Mkienda kwa daktari, mwambieni saa yalipoanza na mlikuwa mnafanya nini. Mwoneshe kwa kidole kimoja. Mtajieni dawa zote mnazomeza. Uvimbe upimeni kwa rula, mwandike tarehe, na mwupige picha kwa simu katika mwanga uleule, kila wiki.

Nimalizie na watoto, kwa kuwa wazazi wengi wameniletea swali hilo kwenye karatasi. Kinundu kigumu kifuani kwa mtoto anayecheza vizuri, kisichouma, kisichokua, mara nyingi ni gegedu iliyojipinda au ubavu uliogawanyika mbele, na hakihitaji kukatwa. Kinachouma, kinachokua wiki hadi wiki, chenye homa au kumkondesha, kinahitaji picha bila kuchelewa, kwa sababu zipo saratani za mfupa zinazowachagua watoto. Na mbavu za mtoto mchanga hupinda kabla hazijavunjika. Zikikutwa zimevunjika, nguvu kubwa imetumika, au mfupa wake una ugonjwa. Mtoto huyo achunguzwe mwili mzima, na watu wazima wanaomlea waulizwe, kwa utulivu na bila kuonea mtu, nini kilitokea.